Maradhi ya sikio yanayomshusha mwendeshaji kwenye pikipiki

Mjini Toronto, Canada, pikipiki ni chombo cha msimu. Theluji kwa kawaida huanza kuanguka mwezi Novemba, na barabara hunyunyiziwa chumvi hadi mwezi Machi, pengine hata Aprili. Katika kipindi hicho wamiliki wengi huzifunika pikipiki zao, huondoa betri na kusubiri. Kinachosalia ni miezi sita au saba ya kuendesha. Kwa mtu mwenye maradhi ya sikio la ndani yanayorudi mara kwa mara, miezi hiyo michache yaweza kukatwa vipande vipande bila taarifa.

Maradhi yanayotajwa zaidi katika hali hii ni yale yanayoitwa kwa jina la daktari wa Kifaransa, Prosper Ménière. Mgonjwa huhisi sikio moja limejaa, kama la mtu anayepanda mlima mrefu kwa gari. Husikia mvumo, uwezo wa kusikia hupungua, kisha dunia huanza kumzunguka. Wengi hutapika. Kwa mujibu wa vigezo vilivyokubaliwa na vyama vya wataalamu mwaka 2015, kizunguzungu hicho hudumu kati ya dakika 20 na saa 12. Baadaye hupita, na mgonjwa huweza kukaa wiki, miezi au miaka kabla hakijarudi. Hapo ndipo penye shida yote, kwani kumaliza siku 40 bila kizunguzungu hakumwambii mtu lolote kuhusu siku ya 41.

Dereva wa gari anayeshikwa ghafla ana magurudumu manne chini yake, na akiwahi kukanyaga breki gari litasimama wima lenyewe. Mwendesha pikipiki hana bahati hiyo. Kwenye kona hulala upande pamoja na chombo chake, na wakati huo sikio la ndani, macho na misuli ya shingo lazima viupe ubongo habari moja. Sikio moja likitoa habari za uongo, mikono hufuata uongo huo kabla akili haijapata nafasi ya kuuliza.

Kuna hali mbaya zaidi, ingawa huwapata wagonjwa wachache. Mwaka 1936 daktari Tumarkin alieleza habari za wagonjwa walioanguka chini ghafla, bila kizunguzungu cha kuwatahadharisha na bila kupoteza fahamu. Wanaopatwa na mwanguko wa namna hiyo husema ni kama wamesukumwa na mtu. Muda wa kusogea pembeni mwa barabara haupo.

Maji ndani ya sikio

Sikio la ndani hufanya kazi mbili. Sehemu yake iliyojikunja kama konokono hupokea sauti, na jirani yake ipo mifereji mitatu yenye umbo la nusu duara, pamoja na vifuko viwili vidogo, ambavyo kazi yake ni kupima mizunguko na mwelekeo wa kichwa. Vyote vimejaa maji, na kichwa kinapogeuka maji hayo hubaki nyuma kidogo na kupinda vinyweleo vya chembehai zinazopeleka habari kwenye ubongo.

Hadi katikati ya karne ya 19 madaktari wa Ulaya waliamini kwamba kizunguzungu kikali cha ghafla hutokana na damu kujaa katika ubongo, na baadhi ya wagonjwa walitolewa damu kwa sababu hiyo. Ménière, aliyekuwa daktari wa taasisi ya viziwi mjini Paris, aliwaeleza wenzake mwaka 1861 kwamba chanzo kiko sikioni. Alifariki dunia mwaka uliofuata, kabla wazo lake halijakubalika sana. Mwaka 1938 Hallpike na Cairns mjini London, na Yamakawa nchini Japani, kila upande kwa njia yake, waligundua kwamba maji katika masikio ya wagonjwa hao yalikuwa yamezidi na kuvimbisha kuta za vyumba vyake. Kwa nini maji hayo huzidi, sayansi haijatoa jibu moja hadi leo.

Lakini si kila kizunguzungu kinachorudi ni ugonjwa wa Ménière, na kosa hili huwagharimu watu msimu mzima. Kizunguzungu cha sikio kilicho cha kawaida kuliko vyote husababishwa na chembe ndogo za chokaa zilizong'oka mahali pake na kuingia katika mojawapo ya mifereji mitatu. Hiki hudumu kwa sekunde tu, kwa kawaida chini ya dakika moja, na huja mtu anapojigeuza kitandani, anapotazama juu au anapogeuza kichwa kwa haraka. Mwendesha pikipiki anayetupa jicho nyuma ya bega kabla ya kubadili njia hufanya tendo hilo hilo mara nyingi kila siku.

Tofauti yake ni kubwa kwa sababu tiba yake ni rahisi. Dix na Hallpike walieleza mwaka 1952 namna ya kumlaza mgonjwa haraka huku kichwa kimegeuzwa upande, na daktari akatazama jinsi macho yanavyochezacheza. John Epley, wa Portland nchini Marekani, alibuni namna ya kukizungusha kichwa hatua kwa hatua hadi chembe zirudi zilikotoka, na maelezo yake yaliyochapishwa mwaka 1992 yanafuatwa duniani kote. Kazi yenyewe huchukua dakika chache. Mtu mwenye chembe hizo anayeambiwa apunguze chumvi na asubiri, anasubiri bure. Kipandauso nacho huweza kuleta kizunguzungu kinachorudi, wakati mwingine bila kichwa kuuma.

Mwanaanga aliyezuiwa kuruka

Mtu mashuhuri aliyepokonywa usukani na ugonjwa wa Ménière hakuwa mwendesha pikipiki. Alan Shepard alikuwa Mmarekani wa kwanza kufika anga za juu, tarehe 5 Mei 1961. Miaka michache baadaye alianza kupata kizunguzungu, kichefuchefu na mvumo katika sikio la kushoto, na shirika la NASA likamzuia kuruka. Alikaa ofisini akiwasimamia wanaanga wenzake waliokuwa wakienda alikotaka kwenda yeye.

Hatimaye alifanyiwa upasuaji mjini Los Angeles na daktari William House, aliyeweka mrija mdogo wa kupunguza maji katika sikio la ndani. Mwaka 1969 aliruhusiwa tena kuruka, na mwezi Februari 1971, akiwa na umri wa miaka 47, alitembea juu ya mwezi katika safari ya Apollo 14. Kisa hicho huwapa wagonjwa moyo, lakini kinahitaji tahadhari. Upasuaji wa aina hiyo bado unabishaniwa na wataalamu, na kwa kuwa ugonjwa wenyewe huja na kuondoka, ni vigumu kujua ni nani aliyeponywa na kisu na ni nani aliyekuwa akielekea kupata nafuu hata hivyo.

Daktari na leseni

Jimbo la Ontario, ambalo Toronto ni mji wake mkuu, linawalazimisha madaktari kuripoti kwa wizara ya uchukuzi madereva ambao afya yao inahatarisha usalama barabarani. Sheria hiyo ina umri wa zaidi ya nusu karne. Kanuni zake zilifafanuliwa upya kuanzia tarehe 1 Julai 2018, na miongoni mwa hali zinazopaswa kuripotiwa ni maradhi yenye uwezekano wa wastani au mkubwa wa kumwondolea mtu ghafla uwezo wa kuendesha. Kizunguzungu kinachokuja bila dalili ya kutangulia kinaweza kuangukia hapo. Wizara ina uwezo wa kusimamisha leseni, na dereva asiyeridhika huweza kukata rufaa kwenye baraza la rufaa za leseni.

Ni sheria inayoeleweka, lakini ina upande wake mwingine. Mgonjwa anayejua kwamba neno moja mbele ya daktari laweza kumpokonya leseni hushawishika kunyamaza, na leseni hiyo ndiyo anayotumia pia kwa gari la kumpeleka kazini. Kwa mhamiaji anayeendesha teksi au lori, pikipiki ya Jumamosi ni kitu kidogo sana katika hesabu hiyo.

Kuna pia suala la muda. Bima ya afya ya serikali ya Ontario hulipia daktari bingwa wa masikio, pua na koo, lakini kumfikia kwa kawaida huhitaji barua ya daktari wa familia, na mwaka 2023 chama cha madaktari wa familia wa jimbo hilo kilikadiria kuwa zaidi ya wakazi milioni 2 hawakuwa na daktari wa aina hiyo. Aliyeshikwa mwezi Julai anaweza kupata miadi majani yakiwa yameshaanguka.

Wanaojifunza hubanwa zaidi. Leseni ya kwanza ya pikipiki, inayoitwa M1, hudumu siku 90 tu. Mwenye nayo haruhusiwi kubeba abiria wala kuendesha usiku, na lazima apite siku 60 kabla ya kufanya mtihani wa barabarani wa ngazi inayofuata. Wiki tano za kizunguzungu katikati ya siku hizo 90 zatosha kumrudisha mwanzo.

Chumvi, sindano na kwinini

Ushauri wa kwanza kwa mwenye ugonjwa wa Ménière huwa ni kupunguza chumvi, kwa imani kwamba chumvi huvuta maji mwilini. Ushahidi wake si imara kama wengi wanavyodhani, ila hauna madhara, na Shirika la Afya Duniani linamtaka kila mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Kwa jiko la Kiafrika Mashariki ughaibuni, hiyo ni habari mbaya kwa papa mkavu, achari na vidonge vya mchuzi. Wengine huambiwa wapunguze kahawa na chai.

Dawa ya betahistini huandikiwa wagonjwa wengi nchini Canada na Ulaya. Hata hivyo, utafiti uliofanywa Ujerumani kwa wagonjwa 221, na kuchapishwa mwaka 2016, haukuona tofauti kati ya dawa hiyo na vidonge visivyo na dawa. Jambo la kushangaza ni kwamba katika makundi yote mashambulizi yalipungua, na hilo lathibitisha tena tabia ya ugonjwa huu ya kutulia wenyewe kwa muda.

Vidonge visipofaa, hufuata sindano inayopitishwa katika ngoma ya sikio. Yaweza kuwa ya dawa jamii ya steroidi, au ya gentamaisini, jina linalojulikana sana katika zahanati za Afrika Mashariki. Dawa hii ya kuua bakteria ina sumu kwa sikio la ndani, na hapa sumu hiyo ndiyo inayotafutwa, kwani huua sehemu ya mizani inayotoa habari za uongo, na ubongo hujifunza kutegemea sikio la pili. Hatari yake ni kupoteza usikivu. Wale waliowahi kunywa kwinini kwa ajili ya malaria wanaujua kwa uzoefu ule mvumo wa masikio ambao dawa yaweza kuuleta. Wa kwinini kwa kawaida huondoka dozi ikiisha.

Usikivu uliobaki una adui mwingine barabarani. Upepo unaopiga kofia ngumu hufikia takriban desibeli 90 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na huzidi 100 kwenye barabara kuu, wakati kiwango kinachopendekezwa kazini ni desibeli 85 kwa saa nane. Kofia haizuii sauti hiyo, kwani sehemu kubwa yake huzalishwa na upepo unaoizunguka kofia yenyewe. Vizibo vya masikio husaidia, mradi viwe safi na sikio liwe kavu. Vizibo vichafu na jasho la kiangazi huleta uambukizo wa mfereji wa nje, maradhi mengine yanayorudi, ambayo hufanya kuvaa kofia kuwe mateso.

Bila msimu wa mapumziko

Afrika Mashariki pikipiki haina msimu. Mwendesha bodaboda wa Mwanza au Kisumu huendesha mwaka mzima, na mara nyingi chombo si chake, bali kuna hesabu ya kupeleka kwa mwenyewe kila jioni. Kizunguzungu kikimshika asubuhi, hana wizara ya kumzuia wala bima ya kumfidia, naye hupumzika hadi dunia itulie, kisha huwasha tena. Kofia moja huvaliwa na abiria wengi. Wengi wana masikio yanayotoa usaha tangu utotoni, hali inayoweza kula hadi sikio la ndani na kuleta kizunguzungu ikiachwa bila tiba. Huyu asitiwe maji wala mafuta sikioni, bali apelekwe hospitali.

Hospitali kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam, Kenyatta ya Nairobi na Mulago ya Kampala zina idara za masikio, pua na koo. Kwa aliye mbali nazo, kipimo cha chembe za chokaa hakihitaji mashine yoyote. Kinahitaji kitanda na mhudumu aliyefundishwa, anayejua macho ya mgonjwa yatacheza upande gani.