Bomba la Mafuta na Swali la Calestous Juma

Mtaa wa Pipeline, Embakasi, Nairobi, umerithi jina lake kutoka kwa bomba la mafuta litokalo Mombasa. Kampuni ya Kenya Pipeline iliundwa mwaka 1973, mwaka ule ule vita vya Mashariki ya Kati vilipopandisha bei ya mafuta duniani. Kufikia 1978, bomba la inchi 14 lilikuwa likisukuma mafuta kwa takriban kilomita 450, kutoka Pwani hadi Nairobi.

Nimeifuata njia yake kuanzia Pipeline, nikavuka Outer Ring Road pamoja na vibarua waendao Industrial Area kwa miguu, hadi upande wa Barabara ya Lunga Lunga. Naamini hakuna njia bora ya kulielewa somo ambalo Wakenya wengi hulisikia kwa mara ya kwanza wakiwa tayari na digrii: jinsi sayansi, teknolojia na jamii zinavyofinyangana. Ng'ambo, somo hili lilipata makao katikati ya miaka ya 1960. Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha kitengo cha kuichunguza sayansi kama kazi ya wanadamu, na Chuo Kikuu cha Sussex kikafungua kituo cha SPRU chini ya mchumi Christopher Freeman. Kwetu lilifikishwa na mtoto wa Ziwa Victoria.

Calestous Juma alizaliwa Port Victoria, Busia, mwaka 1953. Alifundisha shule ya msingi Mombasa, kule bomba linakoanzia, kisha akawa mwandishi wa sayansi na mazingira wa gazeti la Daily Nation mwishoni mwa miaka ya 1970. Mafuta yalipoanza kupanda kutoka Mombasa kuja Nairobi, naye alikuwa akiifunga safari hiyo hiyo.

Alikwenda SPRU kwa shahada ya uzamili, akaendelea hadi uzamivu. Tasnifu yake ilihusu mafuta: ethanoli ya miwa kama mbadala wa petroli katika nchi zinazoendelea. Huko Triangle, Zimbabwe, mtambo wa ethanoli ulianza kazi mwaka 1980, sehemu kubwa yake ikiwa imetengenezwa na viwanda vya humo humo nchini. Hapa Kenya mradi wa Kisumu ulikwama kwa gharama kabla ya kukamilika, ingawa Muhoroni ilifanikiwa kuanza kutoa ethanoli miaka ya 1980. Miwa ni ile ile na kemia ni ile ile. Tofauti ilikuwa katika mikataba, katika ujuzi wa mafundi wa nyumbani, na katika nani alikuwa na sauti mezani mtambo ulipochaguliwa. Nani huamua, na nani hufaidi? Hilo ndilo swali la Juma, na ndilo moyo wa somo lenyewe.

Alirudi nalo. Mwaka 1988 alianzisha Nairobi kituo cha utafiti cha ACTS, ambacho leo kinaratibu mtandao wa AfricaLics unaolea wanafunzi wa uzamivu barani. Baadaye alisimamia sekretarieti ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Bayoanuwai, akafundisha Harvard, na mwaka 2016 akachapisha kitabu kuhusu kwa nini watu hupinga uvumbuzi. Alionyesha kwamba mara nyingi watu hawakiogopi kitu kwa upya wake. Wanaogopa hasara ambayo kitawaletea wao, huku faida ikienda kwa wengine. Alifariki Desemba 2017.

Lisimamishe swali la Juma katika mtaa wa mabanda wa Sinai, kando ya Lunga Lunga. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli ilivuja kutoka kwenye mitambo ya bomba, ikaingia mtaroni na kutiririka hadi kwenye nyumba za mabati. Watu walitoka na ndoo na madebe kuikinga. Moto ulilipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Mhandisi atakueleza kilichovuja, na ni lazima aeleze. Lakini kwa nini nyumba zilikuwa pale? Kwa sababu viwanda vilihitaji watu wa mshahara mdogo wanaoweza kufika kazini kwa miguu, na jiji halikuwatengea pa kulala. Kwa nini walikimbilia petroli? Kwa sababu debe moja lilikuwa na thamani ya kazi ya siku kadhaa. Maelezo ya mtambo yanayoacha hayo nje hayajakamilika.

Ploti za Pipeline, yaani majengo yake ya kupanga, nazo ni teknolojia. Serikali, kwa fedha za wafadhili, ilipanga Dandora na Umoja miaka ya 1970. Pipeline ilijengwa na wenye ploti binafsi, ghorofa juu ya ghorofa, chumba kimoja kwa familia, choo na bafu vya pamoja, na lifti ni nadra. Presha ya maji ikishindwa kupanda, mtungi wa lita 20 hupandishwa ngazi kwa mkono, mara nyingi na mama au mtoto. Aliyechora jengo bila lifti ameamua pia nani atachoka.

Watafiti wameanza kuyaona haya. Marie Huchzermeyer alizilinganisha nyumba za kupanga za Nairobi na zile za Berlin ya karne ya 19 katika kitabu chake cha 2011, naye Mario Schmidt akaandika kuhusu wanaume wa Pipeline na mzigo wa kutafuta riziki. Kazi zao ni za thamani, lakini wote wawili walitoka mbali. Kijana aliyelelewa ghorofa ya sita hapa ameishi nusu ya utafiti wake kabla ya kujaza fomu ya chuo. Vyuo vyetu vina wajibu wa kumpa nafasi ya uzamili na karo, na kampuni na kaunti zina wajibu wa kumfungulia majalada yao: ramani za bomba, vibali vya ujenzi, mikataba ya maji. Akipewa hayo, ataweza kuuliza kwa ushahidi ni nani aliyeamua, nani aliyefaidi na nani aliyelipa, kabla bomba lingine halijafukiwa na ploti nyingine haijainuliwa.