Rangi ya Fedha na Mng'aro Uliohama

Kiswahili kilikuwa na msasa kabla gari halijafika bara. Msasa ni mti ambao majani yake yanaparuza kama ulimi wa paka, na maseremala waliyatumia kulainishia mbao kabla ya kuzipaka mafuta. Karatasi yenye mchanga ilipoingia madukani, ikarithi jina la jani. Leo fundi wa rangi katika Majengo ya Meru au Majengo ya Embu akimtuma kijana dukani alete namba 2000, anamwambia alete msasa, na mhariri anayenyoosha andiko husema analipiga msasa. Ndani ya neno hilo mna imani ambayo hatuna mazoea ya kuihoji: kwamba uzuri umo tayari ndani ya kitu, na kazi ya mkono ni kusugua mpaka utoke. Kwa mvule na mninga imani hiyo haina kasoro. Kwa gari jeusi la miaka ya 1960 ilikuwa na haki yake. Kwa gari la rangi ya fedha imekuwa hasara, kwa sababu mng'aro wa gari hilo haumo ndani ya rangi yake hata kidogo. Uko juu ya rangi, katika ngozi moja nyembamba inayoonekana kama haipo. Ukiitazama vizuri historia ya ufundi huu, utaona mng'aro ukihama makao huku msasa ukibaki mkononi mwa mtu yuleyule.

Majengo ni jina utakalokutana nalo Mombasa, Nairobi, Moshi na miji mingine mingi. Embu ilianza kama boma la serikali ya kikoloni mwaka 1906 na Meru mwaka 1908, na kando ya maboma ya namna hiyo ilizuka mitaa ya watu waliokuja na biashara, uaskari na ufundi, wengi wao Waislamu, waliozungumza Kiswahili wao kwa wao na wenyeji. Ndiyo maana msamiati wa gereji, hata katikati ya nchi ya Wameru na Waembu, ni wa Kiswahili chenye vipande vya Kiingereza vilivyokunjwakunjwa: andakoti, thina, filla, klia. Mazingira nayo yana lake la kusema. Ikweta inapita kusini kidogo tu mwa mji wa Meru, miji yote miwili imepanda zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na jua la mwinuko huo linachoma rangi kuliko ubaridi wa asubuhi unavyokufanya udhani. Udongo ni mwekundu, wa volkano, na ukikauka unakuwa laini kama unga. Ongeza pikapu zinazokimbiza miraa kutoka Maua kwenda Nairobi, na Probox zinazobeba kila kitu kingine, upate picha ya magari yanayozeeka usoni kabla injini hazijachoka.

Mafundi wa zamani hawakuwa wajinga, na ni vizuri hilo lisemwe mapema. Magari ya mwanzo duniani yalipakwa vanishi kwa desturi ya watengenezaji wa magari ya farasi: koti juu ya koti, kila moja likingojewa likauke kisha lisuguliwe, kazi ya wiki kadhaa. Mwaka 1921 kampuni ya 3M ya Marekani ilitoa msasa unaostahimili maji, na gereji za rangi zikaupokea kwa mikono miwili kwa kuwa maji yaliua vumbi lililokuwa likiwadhuru wafanyakazi. Punde tu baadaye DuPont ikaleta laka yake ya Duco, ambayo General Motors iliitumia kwanza kwenye magari ya Oakland ya mwaka 1924. Laka hiyo ilikauka kwa saa badala ya siku, lakini ilitoka kwenye bunduki ya kupulizia ikiwa imefifia, na mng'aro wake ulipatikana kwa jasho. Hapo ndipo rabingi kompaundi, dawa ya kusugulia rangi, ilipopata heshima yake. Laka za ukoo huo, ambazo madukani kwetu bado zinaitwa NC, zilikuwa shule ya mafundi wengi wa Afrika Mashariki. Rangi na mng'aro vilikuwa kitu kimoja: ukipuliza nyekundu, wekundu ulikwenda hadi kwenye andakoti. Jua likiuchoma uso ukawa wa ungaunga, fundi aliuondoa unga huo, kitambaa kikatoka chekundu, na chini yake kukawa na nyekundu mbichi inayometa. Ushahidi aliushika mkononi. Mtu aliyefunzwa hivyo alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba kadiri anavyokaza mkono ndivyo gari linavyorudi ujanani.

Rangi ya fedha ilikuja kuivunja kanuni hiyo. Lugha yetu inatuchezea kidogo hapa, maana fedha ni madini na fedha ni pesa, lakini ndani ya rangi ya fedha ya gari hamna hata chembe ya fedha. Mna alumini, ndugu wa sufuria. Rolls-Royce walipolipaka rangi ya alumini gari lao la mwaka 1907, lile lililojulikana kama Silver Ghost, walikuwa wanatafuta wanunuzi wa kifahari, na rangi ile haikuwa ya kila mtu. Mbinu iliyoifanya iwe ya kila mtu ni kusaga alumini ndani ya kimiminika mpaka iwe magamba membamba mno, upana wake mikroni kumi, ishirini au zaidi kidogo, na unene wake usiofika mikroni moja. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una kama 70. Kila gamba ni kioo kidogo kilicholala chali, na ndiyo maana gari hilohilo linakuwa jeupe ukilitazama usoni na la kijivu ukilitazama ubavuni. Sasa mpe fundi wa NC gari la namna hii lisilo na kitu juu ya magamba, umwambie asugue. Atakachokata ni vioo vyenyewe: atavikwaruza, atavipindua, atavifungulia hewa na maji ya mvua. Kitambaa kitatoka cheusi kama cha mtu anayesugua sufuria kwa majivu, na pale mkono ulipokaza zaidi patabaki baka lisilofanana na jirani yake. Sufuria haina cha kupoteza, kwa kuwa ni alumini hadi chini. Rangi ya gari ina mikroni chache tu.

Watengenezaji waliliona tatizo, na jibu lao, lililoenea Ulaya kwanza kisha Japani na Marekani kati ya miaka ya 1970 na 1980, lilikuwa kuzitenga kazi mbili. Koti la chini lilibeba rangi. Koti la juu, lisilo na rangi yoyote, likabeba mng'aro na kinga dhidi ya jua. Hilo la juu ndilo klia. Ushahidi ulio wazi kuliko wote unapatikana katika gereji yoyote inayopuliza gari upya: koti la fedha likishakauka, kabla klia haijapita, limefubaa kama ukuta wa chokaa. Unaweza kulisugua mwezi mzima lisikupe hata kivuli cha uso wako. Dakika chache baada ya klia, taa za kibanda zinaonekana ndani ya boneti. Koti zote za gari lililotoka kiwandani, kuanzia bati kwenda juu, kwa kawaida hazizidi mikroni 150, na klia ni kama 40 kati ya hizo. Hiyo ndiyo akiba yote aliyo nayo fundi, na hakuna nyingine chini yake.

Kwa nini basi jambo lililojulikana kwa watengenezaji wa Stuttgart na Nagoya lilichelewa kuwa hekima ya Majengo? Sehemu ya jibu ni ya kibiashara. Kenya ilipofungua milango ya uagizaji katika miaka ya 1990, magari yaliyotumika Japani, yenye usukani kulia kama yetu, yalianza kumiminika Mombasa, na kanuni ya KS 1515:2000 ikaja kuweka ukomo wa miaka minane. Waagizaji wengi hununua karibu na ukomo huo kwa sababu ya bei. Rangi ya fedha iliongoza mauzo ya magari mapya duniani mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla nyeupe haijaipiku. Kwa hesabu ya kawaida, wimbi hilo lilitufikia miaka saba au minane baadaye, klia yake ikiwa imekwisha kula jua la nchi nyingine. Fundi alipokea gari lenye maarifa mapya ndani yake na lisilo na maelezo. Alichokuwa nacho ni msasa na imani ya NC.

Watasema wengine kwamba klia za siku hizi ni ngumu, na kitu kigumu kinataka nguvu. Ni kweli nusu. Klia ya kiwandani huokwa kwenye joto la nyuzi 140 hivi, na mwishoni mwa mwaka 2003 Mercedes-Benz ilianza kutumia klia yenye chembe ndogo mno za kauri ili isikwaruzike upesi. Kwenye uso wa namna hiyo, mkono na kitambaa vitachoka kabla klia haijatikisika. Ila ugumu unadai chembe kali za kukatia, pedi inayofaa na muda, na hapo kuna kichekesho kidogo: kompaundi nyingi za leo hukata kwa oksidi ya alumini, kwa hiyo alumini iliyo ndani ya chupa inang'arisha klia iliyoifunika alumini iliyo kwenye gari. Kukandamiza mashine ili kufidia kompaundi dhaifu huleta joto, na joto kwenye ukingo wa mlango, mahali ambapo klia ni nyembamba kuliko kwingine kote, humaliza kazi kwa sekunde. Tena magari mengi ya huku yamekwisha kupulizwa upya angalau upande mmoja, kwa klia ya 2K, ile inayochanganywa na kigumishi, iliyokauka hewani bila tanuri. Hiyo ni laini kwa wiki kadhaa. Gari moja linaweza kuwa na boneti ngumu na mlango laini, na mkono usiolijua hilo utachoka kwenye boneti na kuutoboa mlango.

Hoja nzito zaidi ni ya wanaouliza kwa nini mtu ajisumbue. Rangi ya fedha inaficha vumbi na mikwaruzo, na hata ikisuguliwa na bingwa haitakuwa na kina cha nyeusi. Hilo nalikubali. Nyeusi inameza mwanga na kurudisha picha moja safi. Fedha inarudisha mwanga kutoka kwenye magamba yenyewe, na picha yako inapotea kati yao. Lakini wanaoishia hapo wanapima mng'aro kwa kipimo cha rangi nyingine. Kina cha rangi ya fedha ni ile tofauti kati ya mwanga wa gamba moja na giza la pengo lililo kando yake. Mikwaruzo midogo ya duara, inayoachwa na kitambaa chenye udongo mwekundu, hutawanya mwanga juu ya klia na kuijaza ile tofauti ukungu, na gari linageuka la kijivu cha maji ya kufulia bila mtu kuonyesha mkwaruzo mmoja. Kwa hiyo kinachofichwa na fedha ni chanzo cha uchakavu, na uchakavu wenyewe unaonekana na kila mnunuzi. Wauza magari wanalijua hili, na ndiyo sababu wanapenda polishi yenye mafuta mengi: inajaza mikwaruzo, gari linawaka siku ya mauzo, na mvua ya tatu inairudisha yote. Sioni sababu ya kuita hiyo kazi ya rangi.

Jua likishaitafuna klia ikaanza kubanduka kwenye paa kama ngozi ya kitunguu, hakuna kompaundi itakayoirudisha. Kupuliza fedha upya kuna mtego wake pia: koti likienda lenye maji, magamba huzama na rangi kuwa nyeusi kidogo, likienda kavu, huwa nyeupe, na mlango uliolingana mchana husaliti jioni. Kwa hiyo gari likiingia gereji, jaribio la kwanza halihitaji mashine. Kompaundi kidogo, kitambaa safi, kona moja chini ya mlango isiyotazamwa na mtu. Kitambaa kikibaki cheupe, klia ipo na kazi inaweza kuanza kwa mkono mwepesi. Kikitoka cheusi, klia imekwisha au haikuwepo, na kinachobaki kuzungumzwa na mwenye gari ni bei ya kupuliza.