Nati Moja, Spana Moja

Historia ya darasani ilikuwa ya wafalme na mikataba. Mimi nakuletea ya nati na bolti. Usicheke. Sisi wapangaji tunaohama chumba hadi chumba, kitanda juu ya mkokoteni, historia hii inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Zamani fanicha ya kufunguka ilikuwa ya wakubwa. Maofisa wa jeshi la Uingereza walikwenda vitani na vitanda na meza za kufungua na kukunja, na mizigo wakabebewa na wengine. Kiti chao cha India hakikuwa na gundi. Mbao za pembeni zilichomekwa tu kwenye miguu na mikanda ya ngozi ikakaza. Mwaka 1933 Kaare Klint wa Denmark akatengeneza cha namna hiyo hiyo, kikaitwa Safari. Neno letu, kiti chao!

Aliyegeuza mambo ni Michael Thonet wa Vienna. Kiti chake namba 14 cha mwaka 1859 kilikuwa na vipande 6 vya mbao iliyopindwa kwa mvuke, skrubu 10 na nati 2, basi. Viti 36 vilivyofunguliwa viliingia kwenye sanduku la mita moja ya ujazo, vikapanda meli, vikaungwa huko huko vilikofika. Kilikuwa kiti cha bei nafuu, na mikahawa ikajaa viti hivyo.

Lakini nati nayo ina historia yake. Kabla ya 1841 kila karakana Uingereza ilikata meno ya bolti inavyojua yenyewe. Nati ikipotea, umekwisha. Mwaka huo Joseph Whitworth akapendekeza meno ya kipimo kimoja kwa wote. Leo ukienda duka la vifaa ukasema "nati ya M8", unapewa bila maswali. Hiyo si zawadi ndogo.

Sasa tuje kwa fundi wako. Skrubu ya mbao inafaa kitu kinachofungwa mara moja. Kila ukiifungua inakula mbao kidogo. Baada ya kuhama mara mbili tatu tundu limelegea na watu wanajaza njiti za kiberiti. Kwenye mbao za maranda yaliyogandishwa ndiyo usiseme. Bolti na nati ni mambo mengine: chuma kinashika chuma, mbao inapumzika. Weka washa pana, nati isizame. Vyuma vya ndoano vya kitanda havitaki hata spana, ila viungwe sawasawa, la sivyo kitanda kitaimba usiku kucha na majirani watajua mengi.

Tena mwambie fundi bolti zote ziwe saizi moja. Zikiwa M8 za kawaida, spana namba 13 inamaliza kazi yote. Nunua na nati mbili tatu za akiba. Na mwambie mapema, kabla hajashika gundi na misumari, maana mafundi wengi wanadhani uimara ni kitu kutofunguka.

Mimi nabisha. Kitanda kisichopita mlangoni kinaishia kuuzwa kwa bei ya kutupa siku mwenye nyumba anapotaka chumba chake. Nimeona majirani wangu wakiacha makabati nyuma, wanaanza upya na mkeka. Maofisa wale walijua siri hiyo. Sisi tunaohama kuliko wao tuna haki gani ya kutoijua?