Upana wa Mwili na Upana wa Kusimama: Habari za Vyombo Vilivyofungwa Pamoja

Ngulyati, katika nchi ya Wasukuma wa Bariadi, ni mahali pa pamba na ng'ombe. Mtu aweza kukua huko asishike kasia hata siku moja. Lakini mto Simiyu, ambao mkoa umepewa jina lake, huishia Nyanza, na mwezi wa Machi 1875 Henry Stanley alipita mlango wa mto huo kwa mashua yake, Lady Alice. Urefu wake ulikuwa futi 40 na upana futi 6, yaani urefu karibu mara saba ya upana. Ilikuwa imeundwa kwa vipande, ipate kuchukuliwa na wapagazi kutoka pwani.

Chombo chembamba hukata maji kwa wepesi, kwa kuwa hakisukumi mawimbi makubwa mbele yake. Lakini chepesi kwenda ni chepesi kupinduka pia. Mwaka uleule, Kabaka Mutesa wa Buganda alipopigana na Wavuma, ilionekana dawa moja ya shida hiyo. Mitumbwi mitatu mirefu iliwekwa sambamba, ikafungwa kwa miti iliyopita juu yake, na boma likajengwa juu, likachukua watu zaidi ya 200. Hatuisifu vita ile. Twatazama chombo tu. Mtumbwi mmoja usingaliweza kuchukua ukuta ule. Mitatu iliyofungwa pamoja ikawa kama msingi wa nyumba.

Watu wa pwani walikuwa wakiijua hekima hiyo tangu kale. Ngalawa ni gogo lililochongwa kwa tezo, mara nyingi la mwembe, nalo ni jembamba mno lisiweze kuchukua tanga peke yake. Kwa hiyo huwekewa mirengu, ndiyo miti ya kukingama, na matengo kwenye ncha zake, huku na huku. Pepo ikilaza chombo, tengo la upande wa chini hukanyaga maji, likakiinua. Wataalamu wengi huhusisha ufundi huu na mabaharia wa mashariki ya mbali waliohamia Madagaska. Neno katamarani nalo limetoka mashariki: kwa Kitamil maana yake ni miti iliyofungwa.

Basi katika habari hizi twaona kwamba kuna upana wa namna mbili, nao yafaa usichanganywe. Wa kwanza ni upana wa mwili. Wa pili ni upana wa kusimama, kama nafasi iliyopo kati ya miguu ya mtu. Katika chombo chenye mwili mmoja, upana wa mwili ukiongezwa maradufu, nguvu ya kujisimamisha huwa mara 8. Lakini mwili umenenepa, nao husukuma maji mengi. Katika chombo chenye miili miwili, nafasi kati yake ikiongezwa maradufu, nguvu hiyo huwa karibu mara 4, na miili hubaki myembamba vilevile.

Ndiyo sababu katamarani za injini, kama zile ziitwazo Kilimanjaro zivukazo kati ya Dar es Salaam na Unguja, huundwa kwa miili ambayo urefu wake mara nyingi ni mara 8 hata 15 ya upana wake, na upana wa chombo chote huwa kama robo hata theluthi ya urefu. Nafasi ikiwa ndogo mno, mawimbi ya miili miwili hukutana katikati na kupiga sitaha kutoka chini. Ikizidi kiasi, viungo vya kati hulemewa, na uzito wa kuvitia nguvu hula faida yote.

Haya si maneno ya waunda vyombo peke yao. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu na Ukara, na watu 228 wakafa. Vyombo hivyo havikuwa vya miili miwili, wala hatusemi kwamba miili miwili ingewaokoa wote. Kwani hata katamarani ikishapinduka hairudi, na shehena iliyozidi hushinda upana wowote. Twasema hivi tu: kila chombo kina mpaka wa kusimama kwake, nao hupimwa kwa hesabu kabla ya kushushwa majini. Mtu wa Ngulyati ashukaye ziwani kupanda chombo ana haki ya kujua kwamba hesabu hiyo imefanywa, na kwamba mlangoni yupo wa kuwahesabu watu.