Kopo la Maziwa na Sahani ya Mzazi

Leo tunazungumzia maziwa ya mama, ila tutayafuata kwa historia. Ile kauli ya "maziwa hayamtoshi mtoto, mnunulieni kopo" tunaisikia katika kila nyumba yenye mzazi, na ina pahala ilipotoka.

Tuanze na Kitabu chetu. Suratul Baqara, aya ya 233, inataja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha. Wengi wetu tunaishia hapo. Lakini aya hiyo hiyo inampa baba jukumu la chakula na mavazi ya mama, kwa wema na kwa kadiri ya uwezo wake. Na wakitaka kumwachisha mtoto kabla ya muda, wawili hao washauriane na waridhiane. Bibi Maryam naye, uchungu ulipomfikisha kwenye mtende, aliambiwa ale tende na anywe. Mama analishwa kwanza, ndipo mtoto apate.

Bibi zetu walilijua hilo. Hapa visiwani mzazi alikaa ndani arubaini, akakandwa kwa maji moto, hapiki wala hafui. Analetewa uji wa pilipili manga, supu ya kuku wa kienyeji, mchuzi wa pweza. Si kila walilofanya lilikuwa sawa. Wapo waliokamua na kumwaga yale maziwa ya mwanzo, mazito ya manjano, wakidhani ni machafu, na leo wakunga wanatufundisha kuwa ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Lakini jicho la nyumba nzima lilikuwa kwenye sahani ya mzazi.

Sasa kopo lilitoka wapi? Mwaka 1867, huko Uswisi, Henri Nestlé alianza kuuza unga wa watoto uliotengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe, ngano na sukari. Ulikusudiwa watoto waliokosa maziwa ya mama, na kwao ulikuwa msaada. Kisha biashara ikakua, maziwa ya kopo ya kila aina yakasafirishwa hadi nchi zilizotawaliwa na wakoloni, na yakauzwa hata kwa mama wenye maziwa yao.

Aliyepiga kelele mapema ni daktari mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica. Alipofanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika juu ya kwashakoo mwaka 1933. Jina la ugonjwa huo limetoka kwa Waga wa huko, nao walimaanisha maradhi ya mtoto anayeondolewa ziwani mdogo wake anapokuja. Mtoto alibaki na uji wa mahindi mtupu, mwili ukavimba. Baadaye alihamishiwa Malaya. Huko akakuta wanawake waliovalishwa kama wauguzi wakiwashawishi wazazi kununua maziwa mazito ya kopo yenye sukari, yasiyomfaa mtoto mchanga. Mwaka 1939 alisimama mbele ya wakubwa wa Singapore akatoa hotuba aliyoiita, kwa Kiswahili chetu, "Maziwa na Mauaji".

Sisi tunaoshona na kuuza tunaujua ujanja wa sampuli ya bure. Mteja akionja, atarudi. Kwa maziwa, ujanja huo ni mbaya zaidi. Titi hutengeneza maziwa kadiri mtoto anavyonyonya. Ukimpa chupa, hunyonya kidogo, na titi nalo hupunguza. Kopo la bure likiisha, maziwa yako yamepungua, na la pili utalinunua upende usipende. Asiye na pesa huongeza maji, na pengine maji yenyewe si salama. Hapo ndipo watoto walipoharisha, wakakonda, wengine wakafa.

Mwaka 1974 kijitabu kilichotoka Uingereza kiliitangaza habari hii duniani. Mwaka 1977 watu wa Marekani wakaanza kususia bidhaa za Nestlé. Mwezi Mei 1981 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha mwongozo: maziwa haya yasitangazwe kwa umma, na mama asipewe sampuli ya bure. Nchi 118 zilikubali, na moja tu, Marekani, ilikataa. Tanzania ikaweka kanuni zake mwaka 1994.

Dada zetu, hatumlaumu mama aliyeumwa au aliyeshauriwa na daktari kutumia kopo. Tunachosema ni kuwa pesa ya kopo moja hununua dagaa, maharage, mayai, mchicha na tende za siku kadhaa. Anayenyonyesha huhitaji kula zaidi hata ya alipokuwa mjamzito. Mjamzito asiache vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki, na chai ya rangi asiinywe pamoja na chakula, kwani inazuia madini ya chuma kuingia mwilini.

Bi harusi, mnapokaa na mwenzio kupanga maisha, ulizaneni na hili: nani atampikia mzazi arubaini ikifika, na bajeti ya chakula chake itatoka wapi. Si aibu, ni haki iliyotajwa kwenye aya. Na nyinyi mashoga mnaokwenda kumtazama mzazi, kopo liacheni dukani, bebeni kuku.

Allah awape wepesi wajawazito wetu na azijaze baraka nyumba zenu. Wassalaam alaykum.