Karata za viumbe: nguvu yake hupimwaje?

Katika karata za kawaida zinazochezwa barazani, thamani ya kila karata hujulikana kabla ya mchezo kuanza, na hakuna anayehitaji kuisoma. Karata za viumbe ni jambo jingine. Kila moja hubeba gharama yake, namba zake na maandishi yake, na mchezaji huzikusanya kwa kununua au kubadilishana hadi apate fungu lake mwenyewe. Kijana wa Carama, kaskazini mwa Bujumbura, aliyeletewa pakiti na jamaa kutoka Ubelgiji au Kanada, hatakawia kuambiwa na mwenzake: nipe hii, nikupe ile. Asiyejua kupima ataitoa karata nzuri kwa ajili ya picha ya kutisha.

Mchezo uliofungua njia ni Magic: The Gathering, uliobuniwa na mwanahisabati wa Marekani, Richard Garfield, na kutolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1993. Pokémon ulifuata nchini Japani mwaka 1996. Mifano ya hapa imetolewa katika Magic, hasa toleo la Mirage la Oktoba 1996, ambalo visa vyake hutokea katika nchi ya kubuni iitwayo Jamuraa, iliyochorwa kwa sura ya Afrika. Msomaji wa Kiswahili atakuta humo majina anayoyafahamu: Askari, Zuberi, Mtenda, hata Ekundu, ambalo kwetu ni shina la sifa lililoachwa bila kiambishi chake.

Karata ya kiumbe husomwa kuanzia juu, upande wa kulia, palipoandikwa gharama. Gharama hulipwa kwa mana, yaani nguvu inayotolewa na karata za ardhi, na mchezaji huruhusiwa kuweka ardhi moja tu katika kila zamu. Kwa hiyo gharama ni saa pia: kiumbe cha gharama nane hakitarajiwi kabla ya zamu ya nane, isipokuwa mchezaji awe na njia ya mkato. Chini kulia zipo namba mbili. Ya kwanza ni pigo analotoa kiumbe. Ya pili ni kiasi cha mapigo kinachomuua akikipata katika zamu moja. Kila mchezaji huanza na uhai wa alama 20.

Kosa la wengi ni kuzitazama namba hizo mbili peke yake. Crash of Rhinos, kundi la vifaru katika Mirage, lina pigo 8 na uhimili 4, na pigo linalozidi uhimili wa anayewazuia humwangukia mpinzani mwenyewe. Mashambulizi matatu yasiyozuiwa yanamaliza mchezo. Lakini gharama yake ni nane. Mpinzani mwenye Dark Banishing, karata ya gharama tatu ya toleo hilo hilo, huwaangamiza vifaru hao kabla hawajashambulia hata mara moja, kwa kuwa kiumbe aliyeingia sasa hivi hulazimika kungoja zamu inayofuata. Mmoja ametumia mana nane, mwingine tatu, na mezani hakuna kilichobaki.

Sasa mtazame Nekrataal, wa toleo la Visions la mwaka 1997. Gharama yake ni nne. Namba zake ni 2 na 1, na mtoto yeyote angemcheka. Hata hivyo, anapoingia mchezoni huangamiza kiumbe mmoja asiye mweusi na asiye chombo cha kuundwa, na vifaru wetu wamo katika hesabu hiyo. Kisha yeye mwenyewe hubaki mezani, tena hupiga kabla ya kupigwa. Hata akiuawa mara moja, kazi yake imekwisha kufanyika. Swali la kuuliza mbele ya karata yoyote, basi, ni hili: ikifa leo, itakuwa imeniachia nini? Vifaru hawaachi kitu. Kwa kipimo hicho Nekrataal ni karata bora kwa mbali, japokuwa dhidi ya fungu lisilo na njia ya kuua viumbe, vifaru wanaweza kushinda peke yao.

Maandishi hubadili hata maana ya namba. Burning Shield Askari ana 2 na 2 kwa gharama tatu, hali ambayo kwa macho ni hafifu. Ila anaposhambulia, kila amzuiaye asiye na uwezo kama wake hupungukiwa na moja katika kila namba hadi mwisho wa zamu. Mzuiaji wa 2 na 2 huwa 1 na 1: anakufa, naye askari anabaki. Katika kulinda, faida hiyo haipo.

Tena kiumbe hupimwa pamoja na wenzake na adui zake. Zuberi, Golden Feather, ana 3 na 3 kwa gharama tano na huruka. Si haba, si ajabu. Akiwekwa pamoja na Ekundu Griffin, humwongezea moja katika kila namba, naye hugeuka kutoka 2 na 2 kuwa 3 na 3. Mtenda Lion hugharimu mana moja tu na hupiga 2, lakini anaposhambulia mpinzani anaweza kulipa mana moja ya buluu ili kuzuia pigo lake. Kwa mpinzani asiyetumia buluu, kasoro hiyo haipo kabisa.

Uadimu si nguvu. Llanowar Elves walikuwa karata ya kawaida katika toleo la kwanza la mwaka 1993, wenye 1 na 1, lakini kwa kuwa hutoa mana mapema wamependwa na mafundi wa mchezo tangu hapo. Kuanzia toleo la Exodus la mwaka 1998, rangi ya alama ya toleo huonyesha uadimu: dhahabu kwa adimu, fedha kwa za kati, nyeusi kwa za kawaida. Katika Mirage alama zote ni nyeusi, hivyo mwenye kudai kwamba karata yake ya Mirage ni adimu kwa sababu ya alama hiyo anadanganya au amedanganywa.

Karata hizi hazichapishwi kwa Kiswahili. Mirage ilitoka pia kwa Kifaransa, na hilo humsaidia mwanafunzi wa Bujumbura kuliko Kiingereza. Lakini mtoto aliyekulia katika Kiswahili, ambaye Kifaransa chake bado ni cha darasani, husoma namba na kuruka mistari midogo iliyo chini ya picha, na nguvu ya Nekrataal imo katika mistari hiyo. Mzazi au ndugu mkubwa anayesoma lugha hiyo anaweza kumfasiria kabla karata haijatoka mkononi. Kwa kawaida ni sentensi mbili au tatu tu.