Eastlands: Mitaa iliyoanza kama michoro, na ramani zinazokimbizana na tingatinga

Karatasi ya Nairobi katika mfululizo wa ramani za Kenya za skeli ya 1:50,000 ni nambari 148/4. Juu yake, kutoka Pumwani hadi Kayole ni takriban sentimita 16 tu, ingawa matatu ikikwama Jogoo Road masafa hayo hayo yanaweza kumaliza saa nzima. Miaka ya 1950 sehemu kubwa ya mashariki ya sentimita hizo ilikuwa mashamba na uwanda wazi. Buru Buru, Umoja, Dandora na Kayole zilikuwa bado hazijachorwa.

Neno la kushika hapo ni kuchorwa. Kwingi nchini, watu walijenga kwanza, kisha mpima ardhi akaja kuandika alichokikuta. Eastlands, yaani upande huu wa mashariki ya Nairobi, mambo yalikwenda kinyume: kalamu ilitangulia jembe, na mara nyingi mchoro mpya ulimaanisha kwamba kuna watu wa kuhamishwa. Sasa michoro hiyo ya zamani inapigwa skani na kufungwa upya kwenye ardhi kwa msaada wa kompyuta na setilaiti. Kazi hii inafanyika wakati nyumba zenyewe za kanjo, yaani za baraza la jiji, zinabomolewa, na ndiyo maana haiwezi kungoja.

Vijiji vilivyofutwa

Reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei 1899, na mji ukapangwa kwa mahitaji ya reli: karakana, stesheni, nyumba za wafanyakazi, soko. Waafrika waliokuja kutafuta kazi hawakutengewa mahali, kwa hiyo walijijengea vijiji: Pangani, Mji wa Mombasa, Masikini, Kaburini na vingine. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, daktari aliyetumwa kuchunguza afya ya mji, alipendekeza jamii zitenganishwe kwa rangi, akitaja hofu ya magonjwa. Tangu hapo, mstari kwenye ramani ukawa pia mpaka wa nani aishi wapi.

Pumwani ilipimwa na kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa eneo rasmi la Waafrika. Wakaazi walipewa ploti wajijengee, na vijiji vya zamani vikaanza kuvunjwa kimoja baada ya kingine. Pangani, iliyokuwa na nyumba nyingi za Waislamu na wanawake wenye nyumba zao wenyewe, ilishikilia kwa muda mrefu zaidi. Ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wengi wakapelekwa Shauri Moyo, mtaa uliojengwa na baraza la mji kwa ajili hiyo.

Vita Kuu ya Kwanza nayo ilikuwa imeacha alama yake karibu na hapo. Kambi ya Kikosi cha Wapagazi, waliobeba mizigo ya jeshi la Uingereza katika kampeni ya Afrika Mashariki, ndiyo iliyozaa mtaa wa Kariokor. Miaka ya 1940 zikaja Starehe, Ziwani na Kaloleni. Kaloleni ilijengwa kwa jasho la wafungwa wa kivita wa Kiitaliano, ikiwa na nyumba za mawe zilizozunguka nyasi na ukumbi wa jamii katikati. Katika ukumbi huo, Aprili 1950, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama mbele ya mkutano wa hadhara akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikuwa mahabusu.

Mwaka 1948 ndipo ulipochapishwa mpango mkuu wa Nairobi, kazi ya L. W. Thornton White, L. Silberman na P. R. Anderson, timu iliyotoka Afrika Kusini. Mpango huo uliigawa Eastlands katika vitongoji vyenye shule, maduka na viwanja vyao, kando ya eneo la viwanda. Ulikuwa ni mpango wa kuwaweka wafanyakazi karibu na mashine.

Kisha ikaja Hali ya Hatari ya wakati wa Mau Mau. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 wanajeshi na polisi waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, wakaipekua mtaa kwa mtaa, na zaidi ya watu 20,000 wakaishia kizuizini. Mitaa ambayo mpangaji alikuwa ameichora yenye njia chache za kuingia na kutoka sasa ilikuwa rahisi kuwekewa seng'enge. Mitaa iliyojengwa baadaye ilipewa majina ya wanasiasa wawili waliouawa miaka hiyo: Tom Mbotela mwaka 1952, na Ambrose Ofafa mwaka 1953. Baada ya uhuru kalamu haikutulia. Miaka ya 1970 ilileta Buru Buru kwa tabaka la kati, Umoja kwa msaada wa Marekani, na Dandora, ambako Benki ya Dunia iligharamia ploti 6,000 zenye maji na mifereji ili wananchi wamalizie nyumba wenyewe.

Karatasi zilikokwenda

Idara ya Upimaji ya Kenya ilianza mwaka 1903, na hadi leo ghala lake kuu la ramani liko Ruaraka. Lakini sehemu kubwa ya picha ya Kenya ilichorwa mbali. Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya kupima makoloni yake yote, chini ya Brigedia Martin Hotine. Ndege za jeshi la anga la Uingereza zilipiga picha kutoka juu, na wachoraji walioishia Tolworth, kusini magharibi mwa London, wakazigeuza kuwa ramani za mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kukanyaga. Picha za idara hiyo, zaidi ya milioni moja za makoloni mbalimbali, zimehifadhiwa Edinburgh, Scotland. Huko London, Maktaba ya Uingereza imeskani na kuweka mtandaoni bila malipo karatasi zaidi ya 550 za Afrika Mashariki kutoka hazina ya Wizara ya Vita, nyingi zikiwa za kati ya 1890 na 1940. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzifungua.

Hapa nyumbani karatasi nyingine ziko Nyaraka za Taifa, katika jengo la Moi Avenue lililokuwa benki, na nyingine katika ofisi za kaunti zilizorithi makabati ya Baraza la Jiji. Ramani ya miaka 70 haikai salama kwa sababu tu imefungiwa. Karatasi huvuta unyevu na kupanuka, kisha hukauka na kusinyaa, wala haisinyai sawasawa pande zote. Iliyokunjwa huchanika kwenye mikunjo. Michoro ya karatasi ya buluu hufifia ikipigwa na mwanga. Wanaojua kazi hii hutumia skana kubwa ya bapa au kamera iliyofungwa juu ya meza, kwa msongamano wa nukta 300 hadi 400 kwa kila inchi. Huhifadhi faili isiyobanwa, na hupiga karatasi nzima pamoja na pambizo zake, kwa sababu pembezoni ndiko kuliko na tarehe, skeli, jina la mchoraji na nambari ya toleo. Ramani iliyokatwa pambizo imepoteza cheti chake cha kuzaliwa.

Kuifunga kwenye ardhi

Ramani iliyoskaniwa ni picha tu. Kompyuta haijui kuwa doa fulani ni Msikiti wa Riyadha wa Pumwani. Lazima mtu aioneshe: hapa kwenye picha ni pale kwenye ardhi, kwa latitudo na longitudo. Fundi cherehani hubana kitambaa kwa pini kabla ya kukata, na mchora ramani naye hubana ramani kwa pointi kadhaa zinazojulikana pande zote mbili. Pointi tatu zinatosha kuizungusha, kuikuza na kuilaza mahali pake. Zikifika sita, programu inaweza pia kuipinda kidogo kufuata mikunjo ya karatasi. Programu ya QGIS, ambayo hailipiwi, hufanya hesabu hiyo na kuonesha kila pointi imekosea kwa mita ngapi.

Kazi ni kuchagua pointi. Mto Nairobi haufai sana, kwani umehama na kusukumwa na majengo. Makutano ya Jogoo Road yamepanuliwa, na katikati pake si pale pa zamani. Isitoshe, barabara hiyo iliitwa Doonholm Road, kwa jina la shamba la mlowezi, kwa hiyo anayetafuta Jogoo kwenye ramani ya kikoloni hataipata. Tuta la reli ni shahidi mzuri pale ambapo halijaguswa. Ukumbi wa Kaloleni ni mzuri zaidi, kwa sababu kona zake za mawe ziko pale pale. Na hata kona ina masharti: kwenye picha ya setilaiti paa la jengo refu huonekana limeegama, kwa hiyo anayepima hushika kona ya chini, inapogusana na udongo.

Kuna mtego mwingine usioonekana. Ramani za 1:50,000 zilitumia msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Simu na setilaiti hutumia msingi mwingine, WGS 84. Jijini Nairobi tofauti kati ya misingi hiyo miwili ni takriban mita 300, hasa kwa upande wa kaskazini na kusini. Anayesahau kugeuza atauona mtaa mzima umeruka barabara. Ramani za mipaka ya ploti nazo zilifuata mfumo wa Cassini-Soldner, na vipimo vyake vilikuwa vya futi. Skeli nayo ina neno lake: kosa la milimita moja kwenye karatasi ya 1:2,500 ni mita mbili na nusu ardhini, lakini kwenye ya 1:50,000 ni mita 50, ambazo ni safu kadhaa za nyumba. Ndiyo maana si kila ramani inafaa kuamua ugomvi wa mpaka, hata ikiwa imefungwa kwa ustadi.

Pointi zinazobomolewa

Ramani yenye gridi iliyochapishwa inaweza kufungwa kwa gridi yake yenyewe, hata kama kila jengo limeondoka. Mchoro wa mtaa hauna bahati hiyo. Mchoro wa mpangaji, au wa mhandisi wa mifereji, mara nyingi una barabara, kuta na alama ya kaskazini, basi. Kinachoweza kuushika ni vitu vyenyewe: kona ya ukumbi, lango la shule, makutano ambayo hayajapanuliwa. Kota zikibomolewa na ghorofa zikainuka kwa mpangilio mpya wa barabara, mchoro wa zamani unabaki ukielea, na hakuna programu itakayouteremsha.

Hilo tayari limetokea Pangani. Kijiji cha kwanza kilivunjwa miaka ya 1930, na karne hii kota za kanjo za Pangani nazo zimepisha ghorofa za mpango wa nyumba za bei nafuu. Mitaa mingine ya Eastlands imewekwa kwenye orodha ya kufanywa upya. Nyumba mpya zinahitajika, na wanaoishi kwenye kota zinazovuja ndio wa kwanza kusema hivyo. Lakini kabla ya tingatinga kuingia, wiki moja ya wanafunzi wa upimaji wenye GPS ingetosha kurekodi kona za majengo na makutano ya mtaa mmoja. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na mradi wa ujenzi.

Serikali imeanza upande wake. Tarehe 27 Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta alizindua Ardhisasa, mfumo wa kuhamishia rekodi za ardhi mtandaoni, ukianzia Nairobi. Lakini Ardhisasa imeundwa kwa ajili ya ploti na hatimiliki. Mpangaji wa nyumba ya kanjo, aliyezaliwa mtaa wa Maringo katika nyumba aliyopewa babu yake, hana ploti ya kutafuta humo. Historia ya familia yake imo kwenye ramani ya mtaa, katika ile nyumba ndogo yenye nambari.

Wananchi pia wameonesha kuwa kuchora si kazi ya wataalamu peke yao. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walitembea vichochoro wakiwa na GPS na kuiweka Kibera kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, na baadaye kazi kama hiyo ikafanyika Mathare. Walichora kilichopo sasa. Kufunga ramani za zamani kunahitaji ujuzi wa aina hiyo hiyo na kitu kimoja zaidi, yaani wazee. Mama aliyehamia Shauri Moyo akiwa msichana anajua kisima kilikuwa upande gani wa msikiti, na kisima hicho kinaweza kuwa pointi ya sita ambayo mchoro ulikosa.

Mahali pa kukutania pia papo. Kaloleni na Makadara zina maktaba za umma, matawi ya Maktaba ya McMillan, jengo lililofunguliwa mwaka 1931 likiwa la Wazungu pekee. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017, limezikarabati zote mbili na limeanza kuziweka hazina za McMillan katika mfumo wa kidijitali. Kaunti ikifungua makabati yake ya ramani za mitaa, Ruaraka ikatoa karatasi za 1:2,500 bila kumtoza mwananchi ada, na vyuo vikatuma wanafunzi, ramani hizo zinaweza kufungwa katika maktaba hizo mbili mbele ya watu wanaoishi ndani yake. Kinachobaki ni ratiba, nayo inafaa kuandikwa ndani ya kila kandarasi ya ubomoaji Eastlands: kwanza kona zipimwe, michoro iskaniwe na kufungwa, nakala ikabidhiwe mtaa, ndipo nyumba ya kwanza iguswe.